Kasha la Dola 3,500, Tumbo la Dola 499

Januari 2010, waandishi wa jarida la Audioholics la Marekani walichukua bisibisi, wakafungua mfuniko wa deki ya Blu-ray iliyokuwa ikiuzwa dola 3,500. Deki hiyo iliitwa Lexicon BD-30. Ndani ya kasha lake zito wakakuta deki nyingine nzima: bati lake la chini, mbao zake za saketi, kitengo chake cha umeme, sehemu yake ya kusomea diski, vyote viko palepale vilipofungwa kiwandani. Ilikuwa Oppo BDP-83, ambayo mtu yeyote aliweza kuinunua kwa dola 499. Lexicon haikuazima chipu moja wala mbili. Ilichukua deki ya mwenzake nzima nzima, ikaivalisha kasha jipya, ikaandika jina lake mbele, ikapandisha bei mara saba.

Deki zote mbili hazitengenezwi tena. Sitaki kisa chenyewe kisahaulike, maana hata leo kuna mtu amesimama mbele ya kioo cha duka, Dubai, London au Nairobi, anaitazama deki ya bei ya kutisha na kujiuliza kama inastahili. Muuzaji humjibu kwamba ubora una gharama. Nasema wazi: hilo si jibu. Bei haithibitishi chochote zaidi ya kiasi cha pesa ambacho muuzaji anatumaini utakitoa. Anayetaka kunishawishi kwamba deki moja inastahili mara saba ya nyingine anionyeshe ndani yake kuna nini ambacho ile nyingine haina, na kitu hicho kinafanya nini kwenye picha ninayoiona na sauti ninayoisikia. Akishindwa, anachouza ni jina.

Na jina la Lexicon halikuwa la mitaani. Kampuni hiyo ilianzishwa Massachusetts mwaka 1971, na mashine yake ya kidijitali ya kutengeneza mwangwi, Lexicon 224 ya mwaka 1978, iliingia kwenye studio kubwa za dunia ikabadilisha namna muziki unavyorekodiwa. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mtu aliyetoa dola 3,500, ambazo kwa kiwango cha wakati ule zilikuwa zaidi ya shilingi milioni nne za Tanzania, hakuwa mjinga. Aliuamini ustadi wa watu waliokuwa wameuthibitisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Alidhani mafundi wale wale wameketi mezani, wamechora saketi, wamesikiliza, wamerekebisha. Imani ile ndiyo iliyouzwa, na deki ilipofunguliwa ndani hamkuwa na kazi ya mikono yao.

Watetezi wa biashara hii wana hoja ya kwanza ambayo ina ukweli ndani yake, kwa hiyo niijibu kwa haki. Wanasema kila mtu katika elektroniki hununua vipuri kwa mwenzake. Ni kweli. Kampuni nyingi za deki haziyeyushi mchanga ili zitengeneze chipu zake zenyewe. Leza hutoka kwa watengenezaji wachache, chipu za kusimbua picha hutoka kwa wachache zaidi, na hata Oppo yenyewe ilijengwa kwa chipu za watu wengine. Sina ugomvi na hilo. Kampuni inaweza kununua mtambo mzima kwa mwenzake, ikang'oa kitengo cha umeme ikaweka bora zaidi, ikajenga upya upande wa sauti ya analogi, ikaandika programu yake yenyewe, kisha ikadai bei ya kazi hiyo. Hapo mteja analipia kazi. Kwenye BD-30 kazi hiyo haikuwapo. Audioholics hawakuishia kutazama kwa macho; walizipeleka deki zote mbili kwenye vipimo vya maabara, na vipimo vikatoka sawa.

Kuna jambo la pili ambalo linanichoma zaidi. Deki ya Lexicon ilibeba nembo ya THX, na Oppo haikuwa nayo. THX ilianza mwaka 1983 katika kampuni ya George Lucas, kwa kazi ya mhandisi Tomlinson Holman, ili watazamaji wa sinema wasikie filamu kama mtengenezaji alivyokusudia. Ni nembo iliyoheshimika. Sasa niambieni: deki mbili zenye mtambo mmoja na vipimo vile vile, moja ina nembo na nyingine haina, nembo hiyo inamwambia nini mnunuzi? Inamwambia ni kampuni ipi iliyolipia kupimwa na kuthibitishwa. Haimwambii ni deki ipi iliyo bora. Tangu hapo, kila ninapoona kibandiko cha uthibitisho kimetangulizwa mbele ya maelezo ya mtambo wenyewe, nadai maelezo kwanza.

Sasa twende kwenye hoja wanayoipenda kuliko zote: uzito. Kasha zito, wanasema, huzuia mtikisiko, na diski isiyotikisika husomwa vizuri zaidi, kwa hiyo picha huwa kali na sauti huwa tamu. Hoja hii inasikika kama fizikia, na watu wengi wenye elimu nzuri wameingizwa mjini kwa maneno haya haya.

Ukweli ni huu. Kilichomo kwenye diski ni namba. CD, iliyoanza kuuzwa Japani Oktoba 1982 pamoja na deki ya Sony CDP-101, huweka sauti kwa namba 44,100 kila sekunde kwa kila upande wa spika. Leza huzisoma zikipita, na wahandisi wa Philips na Sony walijua tangu mwanzo kwamba diski itachubuka, itashikwa na vidole vya mafuta, itatikisika. Kwa hiyo waliweka ndani yake hesabu ya kurekebisha makosa iliyotokana na kazi ya Irving Reed na Gustave Solomon ya mwaka 1960. Namba zinazofuatana hutawanywa sehemu mbalimbali za diski na kuongezewa namba za ziada za ukaguzi, ili pengo la hadi milimita mbili na nusu kwenye njia ya leza liweze kujazwa upya kikamilifu. Familia hiyo hiyo ya hesabu ilitumiwa na chombo cha Voyager 2 kuleta picha za sayari ya Uranus mwaka 1986. Baada ya kurekebishwa, namba hukusanywa kwenye kumbukumbu ya muda na kutolewa kwa mwendo wa saa ya ndani ya deki. Mtetemo wa diski hauzifikii tena. Namba iliyorekebishwa ama ni sahihi ama si sahihi. Haiwezi kuwa sahihi zaidi kwa sababu kasha lina kilo nyingi. Na deki ya bei ya chini kabisa utakayoikuta Kariakoo inatumia hesabu hiyo hiyo, kwa sababu bila hiyo CD haisomeki.

Twende mbele kidogo, kwenye waya. Nyumba nyingi leo zinaunganisha deki na amplifaya au televisheni kwa HDMI. Ukifanya hivyo na filamu ya Blu-ray yenye sauti ya Dolby TrueHD au DTS-HD Master Audio, deki inaweza kuipitisha sauti hiyo kama ilivyo, na kazi ya kuigeuza kuwa muziki na milio inafanyika ndani ya amplifaya. Mifumo hiyo miwili haipotezi hata biti moja ya kilichorekodiwa. Deki ya dola 200 itapitisha biti zile zile zitakazopitishwa na deki ya dola 3,500. Anayekwambia ya pili ina besi nene zaidi kupitia HDMI anakupiga changa la macho, na kama anaamini mwenyewe, basi naye alishapigwa na mwingine kabla yako.

Watu hunijibu kwamba masikio hayadanganyi. Masikio hudanganywa na macho kila siku, na hilo limepimwa. Mwaka 2007, Brad Meyer na David Moran wa Boston walichapisha katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti matokeo ya jaribio ambalo kila muuzaji wa deki za kifahari angetaka lizikwe. Walichukua diski za kiwango cha juu, SACD na DVD-Audio, wakazipiga kwenye mifumo mizuri, kisha wakaingiza katikati ya njia kifaa kinachoishusha sauti hadi kiwango cha CD ya kawaida. Wasikilizaji waliombwa wabaini ni lini kifaa kimo na ni lini hakimo, bila kuonyeshwa. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Ni sawa na kubahatisha. Na hapo tofauti ilikuwa halisi kwenye karatasi, si ya kubuni. Kama wasikilizaji makini hawakuweza kutenganisha SACD na kiwango cha CD bila kutazama, naomba nielezwe wale wanaosikia uzito wa kasha wanasikia kwa kiungo gani.

Wapo wanaodhani mwisho wa hoja yangu ni kwamba kila deki ya bei juu ni utapeli. Hapana. Msimamo huo ni wa uvivu, na unamsaidia tapeli, kwa sababu mnunuzi asiyejua pesa inafanya kazi wapi ni mnunuzi anayeweza kupelekwa popote.

Itazameni Oppo yenyewe, kampuni ambayo deki yake iliibiwa heshima. Mwaka 2011 ilikuwa na deki mbili sokoni: BDP-93 kwa dola 499 na BDP-95 kwa dola 999. Picha kwa HDMI ilikuwa ile ile kwa zote mbili, na kampuni haikudai vinginevyo. Dola 500 za ziada zilikwenda kwenye vitu ambavyo ungeweza kuvigusa kwa kidole baada ya kuinua mfuniko: transfoma ya duara, chipu mbili za ESS Sabre za kugeuza namba kuwa sauti, na saketi mpya kabisa ya kutolea sauti ya analogi. Mwenye amplifaya nzuri ya zamani isiyo na HDMI, anayesikiliza CD na SACD jioni nzima, alikuwa na sababu ya kuichukua BDP-95. Mwenye HDMI alikuwa na sababu ya kuiacha. Kila mmoja alijua analipia nini. Hiyo ndiyo biashara ya haki ninayoitetea, na ilifanywa na kampuni ambayo watu wa majina makubwa waliiita ya bei rahisi.

Pesa inafanya kazi pia kwenye picha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo tofauti halisi kati ya deki na deki inapoonekana kwa macho. Diski ya DVD ina picha ndogo kuliko skrini za leo, na mara nyingi imegawanywa mistari ya kupokezana: mistari ya namba shufwa mara moja, ya namba witiri mara nyingine. Deki lazima iiunganishe mistari hiyo, iikuze picha, na isilete meno meno kwenye kingo za majengo wala ukungu kwenye nyuso zinazosogea. Ikifanywa vibaya, filamu ya zamani huonekana imechakaa zaidi ya umri wake. Oppo BDP-83 ilikuwa na chipu maalumu ya Anchor Bay kwa kazi hiyo, na ilistahili sifa. Kwenye diski za Ultra HD, zilizokuja mwaka 2016, tatizo ni jingine: mwanga wa filamu umeandikwa kwa viwango ambavyo televisheni nyingi haziwezi kuvifikia, na lazima mtu aamue ni nini kipunguzwe ili mawingu yasigeuke doa jeupe na vivuli visizame. Deki nzuri hufanya uamuzi huo vizuri kuliko televisheni nyingi, na kwa mwenye projekta tofauti ni kubwa zaidi.

Lakini hata hapo, fungua mfuniko. Mwaka 2018 Panasonic ilitoa DP-UB820 kwa dola 499 na DP-UB9000 kwa dola 999. Zote zina kichakataji cha picha cha HCX. Zote zinashughulikia mifumo ya mwanga ya Dolby Vision na HDR10+. Zote zina ile programu ya kusawazisha mwanga niliyoieleza. Iliyo ghali inaongeza kasha imara, soketi za XLR na upande bora wa sauti ya analogi. Kama hutazitumia soketi hizo, dola 500 za ziada zimelipia bati. Nawaheshimu Panasonic kwa kuiweka wazi tofauti hiyo. Siwaheshimu wauzaji wanaomwambia mtu wa HDMI kwamba ataona tofauti.

Kwetu Afrika Mashariki kuna maswali ambayo wakaguzi wa Marekani na Ulaya huyagusa kwa nadra, na ndiyo yanayoamua kama deki itafanya kazi au itakaa kabatini. La kwanza ni kufuli za maeneo. Kampuni za filamu ziliigawa dunia vipande. Kwa DVD, Marekani ni eneo la 1, Uingereza na nchi za Ghuba ni eneo la 2, na sisi Tanzania, Kenya na Uganda tumewekwa eneo la 5. Kwa Blu-ray, Marekani ni A, nasi tuko B pamoja na Ulaya. Ndugu yako aliyeko Ohio akikununulia deki ya kifahari akaituma nyumbani, itazikataa DVD za eneo letu na Blu-ray zilizonunuliwa London. Deki ya Kichina ya bei ya chini ya mtaani mara nyingi huja haina kufuli, inapiga DVD za kila eneo, VCD za harusi, na nyimbo za flashi juu yake. Nauliza: ipi iliyo bora kati ya hizo mbili, kwa mtu wa Temeke mwenye mkusanyiko wa diski kutoka kila upande? CD za muziki hazina kufuli, na diski za Ultra HD nazo hazina. Zilizobaki, uliza kabla ya kulipa, na usikubali kuambiwa eti fundi atashughulikia.

La pili ni umeme. Marekani hutumia volti 120. Tanzania 230, Kenya na Uganda 240. Deki nyingi za kawaida zina kitengo cha umeme kinachopokea chochote kati ya volti 100 na 240. Baadhi ya zile za kifahari, kwa sababu ya transfoma kubwa zinazojivunia, zimefungwa kwa volti moja. Ukiichomeka iliyotoka Marekani kwenye ukuta wa Mombasa bila kifaa cha kushusha umeme, utanusa harufu ya pesa yako ikiungua. Halafu lipo vumbi, lipo joto, upo umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Kinachokufa kwanza kwenye deki, ya bei yoyote, mara nyingi ni lenzi ya leza. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: lenzi ikichoka baada ya miaka minne, ninaipata wapi na kwa kiasi gani? Nisipolikuta swali hilo katika ukaguzi wa kurasa nyingi, huwa najua mwandishi hajawahi kuishi na deki hadi ikazeeka.

Oppo Digital ilitangaza Aprili 2018 kwamba inaacha kutengeneza. Samsung ilijitoa soko la Marekani mwaka 2019. LG ilifuata mwishoni mwa 2024. Wanaolangua wamelifurahia jambo hili. Oppo UDP-203 iliyokuwa dola 549 na UDP-205 iliyokuwa dola 1,299 zimeuzwa mitumba kwa bei kubwa kuliko zilipokuwa mpya, na maneno yao ni kwamba deki zinaisha duniani, kwa hiyo toa pesa leo. Sikubaliani nao hata kidogo. Deki ya mitumba yenye lenzi iliyotumika miaka mingi, ambayo mtengenezaji wake amefunga mlango, kuinunua kwa bei ya kuruka ni kununua tatizo la baadaye. Kama hofu yako ni kwamba deki zitaisha, nunua mbili mpya za bei ya kati na moja uiweke akiba kwenye boksi lake. Utabaki na pesa.

Na hizo pesa ndizo ninazozipigania, kwa sababu naipenda diski. Simwambii mtu aachane nayo akajiegemeze kwenye filamu za intaneti. Diski ya Ultra HD hubeba hadi gigabaiti 100 na inaweza kutoa hadi megabiti 128 kwa sekunde. Netflix wenyewe hupendekeza intaneti ya megabiti 15 kwa picha yao ya 4K. Sauti ya huko imebanwa na kupunguzwa, ya diski imekamilika. Na kwetu bando hailipwi kwa maneno matupu: saa mbili kwa megabiti 15 ni zaidi ya gigabaiti 13 kwa filamu moja, na ukitaka kuirudia na watoto Jumapili unalipa tena. Diski uliyoinunua umeinunua. Desemba 2023 Sony iliwatangazia wateja wa PlayStation kwamba vipindi vya Discovery walivyokwisha kuvilipia vitafutwa kwenye maktaba zao, na ingawa ilirudi nyuma baada ya kupata mkataba mpya wa leseni, watu walikuwa wamekwisha kuona kilichoandikwa kwenye masharti: hawamiliki chochote. Mwezi uliotangulia, Christopher Nolan alikuwa amewahimiza watu wainunue filamu yake Oppenheimer kwenye diski ili asiwepo wa kuja kuwanyang'anya, na diski za 4K zikaisha madukani ndani ya wiki moja.

Kwa hiyo hesabu yangu ni rahisi. Aliyenunua Oppo kwa dola 499 badala ya Lexicon alibaki na dola 3,001. Kwa dola 25 kila moja, hizo ni filamu 120 za Ultra HD kwenye rafu yake, au mamia ya CD za taarabu, za dansi, za zilipendwa, muziki ambao hakuna kampuni ya intaneti iliyoahidi kuutunza. Yule mwenzake alikuwa na kasha. Kila dola inayoliwa na kasha ni dola iliyonyimwa filamu na muziki, na pia imenyimwa watengenezaji waaminifu ambao sasa wanafunga milango mmoja baada ya mwingine. Nashangaa tunavyoomboleza kufa kwa diski huku tukiwa tumewafunza wenye mitaji kwamba njia ya faida ni kubadilisha koti la deki ya jirani.

Lawama nyingine ni ya sisi tunaoandika. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na katika biashara hii anayekitembeza kibaya mara nyingi ni mwandishi. Anaazimwa deki, anaisifia kwa kurasa tatu za hewa na nafasi na joto la sauti, hafungui mfuniko, hapimi, hailinganishi kwa upofu na ya bei ya chini. Ukurasa unaofuata una tangazo la kampuni ile ile. Audioholics walitumia bisibisi ambayo kila fundi wa redio anayo mfukoni. Mwandishi wa elektroniki asiyefungua mfuniko asipewe nafasi ya kuwashauri watu jinsi ya kutumia pesa zao, na mhariri anayempa nafasi hiyo analijua analolifanya.

Hukumu yangu ni hii. Kwa anayetumia HDMI, deki ya kati ya dola 200 na 500 kutoka kwa mtengenezaji ambaye bado anatengeneza inamtosha kabisa, na aliye na projekta au televisheni ya kati asogee upande wa 500. Anayesikiliza kwa soketi za analogi na mwenye amplifaya na spika zinazostahili anaweza kufika dola 1,000 kwa dhamiri safi. Juu ya hapo, mzigo wa kuthibitisha ni wa muuzaji peke yake. Unapokwenda dukani, mwambie akuonyeshe picha ya ndani ya deki, akutajie kitengo cha umeme, chipu ya picha, chipu ya sauti, eneo la kufuli, volti, na mahali lenzi inapopatikana. Akianza kukueleza uzito wa kasha, ondoka na pesa zako.